Ukumbi Uliosikia Uhuru Wasubiri Waigizaji

NDUGU msomaji, huenda leo ukawa mmoja wa wale watakaopitia Soko la Burma baada ya ibada. Utachagua mbavu au mguu, muuzaji ataikata nyama kwenye gogo na kuipima, kisha utaketi na jamaa yako mkingoja iive huku kachumbari ikikatwakatwa na ugali ukisongwa. Wakazi wa Eastlands, tangu Shauri Moyo hadi Bahati na Makadara, wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na hakuna ubaya wowote.

Lakini hebu nikuulize swali. Mkishakula mkashiba, na jua bado li juu, mtakwenda wapi?

Aghalabu baba hutafuta mahali penye televisheni atazame kandanda. Mama hurudi nyumbani kutayarisha sare za shule za Jumatatu. Vijana huinamia simu zao. Na kama kuna mmoja kati yenu anayependa tamthilia au ngoma, sharti apande matatu hadi upande wa pili wa katikati ya jiji, kwenye Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza uliofunguliwa mwaka wa 1952. Hesabu nauli ya watu watano kwenda na kurudi, ongeza tiketi, ongeza soda. Si ajabu wengi huamua kubaki nyumbani.

Hata hivyo, si mbali na hapo ulipokalia benchi lako la Burma, kuna ukumbi ambao historia yake ingetosha kuandikiwa tamthilia tano. Wengi wetu tumeupita mara nyingi bila hata kugeuza shingo. Nao ni Ukumbi wa Kaloleni.

Jina lililotoka vitani

Kabla hatujafika huko, tusipuuze jina la soko lenyewe. Wazee husema lilitokana na askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana na Wajapani katika nchi ya Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwamba askari wetu walikuwa huko ni jambo lisilo na shaka: mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, kwenye matope na malaria. Mji wetu una desturi hiyo ya kuhifadhi vita katika majina ya masoko. Kariokor nayo ilipata jina kutokana na wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale waliobeba mizigo ya jeshi kwa vichwa na migongo yao.

Jeshi hilo halikubeba bunduki peke yake. Lilikuwa pia na kitengo cha burudani, ambamo waliingizwa wanamuziki kama marehemu Fundi Konde, ili wawachangamshe askari waliokuwa mbali na kwao. Vita vilipokwisha, wengi walirudi na magitaa, mitindo mipya na hamu ya kucheza dansi. Nairobi ya Waafrika wakati huo ilikuwa huku Eastlands, na mahali pa kuchezea palikuwa katika kumbi za jamii.

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka hiyo ya 1940. Nyumba zake za mawe zilizoezekwa vigae zilipangwa kuzunguka viwanja vya wazi, watoto wapate pa kuchezea, na inasimuliwa kwamba mateka wa vita wa Kitaliano walishiriki katika ujenzi. Katikati ya mtaa pakawekwa ukumbi. Waliouchora mtaa huo walifahamu jambo ambalo wajenzi wengi wa leo wamelisahau, kwamba mtu hahitaji chumba cha kulala tu, bali pia mahali pa kukutana na mwenzake.

Jumapili ya Aprili 23, 1950

Sasa rudi nami nyuma hadi Jumapili moja kama hii ya leo, Aprili 23, 1950. Katika Ukumbi wa Kaloleni kulikuwa na mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union, yaani KAU, na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa waliosimama kusema alikuwa Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi, ambaye pamoja na Fred Kubai walikuwa wakiongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka wa 1949.

Wakati huo watu wengi wa siasa walikuwa wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria, au mishahara bora, au kuondolewa kwa kipande. Makhan Singh alidai jambo kubwa kuliko hayo. Alitaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili na mamlaka ya kujitawala, na mkutano ukaunga mkono.

Serikali ya kikoloni haikukawia. Mnamo Mei 15, 1950, Makhan Singh na Kubai walikamatwa. Siku iliyofuata wafanyakazi wa Nairobi wakaanza mgomo uliotikisa jiji kwa zaidi ya juma moja. Makhan Singh alizuiliwa katika maeneo ya mbali ya nchi, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11, msomaji wangu, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa na shughuli zilizopangwa katika mitaa hii unayopita ukienda kununua nyama!

Nimekusimulia hayo kwa sababu mara kwa mara husikia watu wakisema kwamba sanaa na siasa ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba ukumbi wa mikutano hauwezi kuwa nyumba ya maonyesho. Hebu fikiria kilichotendeka siku hiyo. Mtu alisimama mbele ya watu, akainua sauti, akasema jambo ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni lakini hakuthubutu kulitamka. Waliosikiliza walitoka nje wakiwa si wale walioingia. Je, si hivyo hasa ambavyo mchezo mzuri wa kuigiza humtendea mtazamaji?

Gereji iliyogeuka jukwaa

Huenda ukasema, "Hayo ni ndoto. Nani aliwahi kuona jengo kuukuu likageuzwa jumba la sanaa huku kwetu?"

Basi ondoka Burma, nenda hadi mzunguko wa City Stadium, uwanja ambao sasa una jina la marehemu Joe Kadenge, kisha ufuate barabara ya Lusaka kuelekea Eneo la Viwandani. Huko, katika barabara ya Dunga, palikuwa na godauni lililotumika kutengenezea magari. Mwaka wa 2003 wasanii walilifungua upya kwa jina la GoDown, Joy Mboya akiwa mkurugenzi wake mwanzilishi. Pale palipokuwa na mafuta machafu na spana, wachezaji wa dansi wakaanza kufanya mazoezi, wachoraji wakapata vyumba vya kazi, wanamuziki wakapata mahali pa kurekodi na waigizaji wakapata watazamaji.

Godauni lile halikuwa jengo zuri, wala hakuna aliyelipenda kwa sura. Lilipendwa kwa sababu lilikuwa na nafasi, dari la juu, na mlango uliofunguliwa kila siku. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Baada ya miaka kadhaa wenyewe wakawa na nguvu ya kupanga ujenzi wa kituo kipya mahali pale pale. Lau wangengoja kwanza wapate jumba la kifahari, pengine wangekuwa wanangoja hadi leo.

Na si Nairobi tu. Ukienda Unguja utaikuta Ngome Kongwe ikiangalia bahari. Ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kufukuzwa. Imewahi kuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ndogo iliyokwenda Bububu. Baadaye ikawa hata mahali pa akina mama kuchezea tenisi! Kisha katika miaka ya 1990 pakajengwa ngazi za kukalia watazamaji, na tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika humo. Tamasha la muziki la Sauti za Busara likafuata mwaka wa 2004. Kuta zilizowahi kuwafungia watu sasa hukusanya watu wanaocheza taarabu na ngoma hadi usiku wa manane.

Uingereza nako wanacho kisa kinachotuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Jijini London kuna jengo la mviringo liitwalo Roundhouse, lililojengwa mwaka wa 1847 kwa ajili ya kuhifadhi na kugeuza injini za treni. Likaja kuwa ghala la pombe. Mwaka wa 1964 mwandishi wa tamthilia Arnold Wesker alilifanya makao ya mradi wake wa kuwapelekea wafanyakazi sanaa, mradi ulioitwa Centre 42. Jina hilo lilitokana na azimio nambari 42 la mkutano wa vyama vya wafanyakazi wa mwaka wa 1960. Naam, vyama vya wafanyakazi, kama vile vya Makhan Singh na Kubai, vilikuwa vimetamka kwamba mfanyakazi anahitaji sanaa kama anavyohitaji mshahara.

Lakini usidhani mambo yalikwenda kwa raha. Fedha zilikuwa shida tangu mwanzo, na mwaka wa 1983 Roundhouse ilifungwa. Ilichukua hadi 2006 kufunguliwa tena kikamilifu, safari hii ikiwa na vyumba maalumu vya vijana kujifunzia sanaa. Funzo ni kwamba kugeuza jengo si kazi ya siku ya sherehe na kukata utepe. Ni kazi ya miaka, na huweza kukwama.

Piga makofi usikilize

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, hapa pana jambo la kujaribu. Siku utakapoingia katika ukumbi wowote mtupu, iwe ni wa mtaa au wa shule, simama mbele na upige kofi moja kali. Kisha usikilize.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde moja. Ikiwa ukuta wa nyuma uko umbali wa mita 17, sauti itakwenda na kurudi mita 34, nayo itakufikia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo ndipo sikio huanza kuitofautisha na ile ya kwanza, nawe husikia mwangwi. Katika ukumbi wenye kuta tupu na sakafu ya saruji, sauti hugonga huku na huku, na maneno ya mwigizaji hupandana hivi kwamba aliye nyuma huambulia nusu yake. Kwa muziki wa kwaya mwangwi kidogo ni utamu. Kwa mazungumzo ya tamthilia ni adui.

Dawa yake haihitaji mamilioni. Mapazia mazito kwenye kuta, mazulia jukwaani, na zaidi ya yote watu. Mwili wa mwanadamu na nguo zake humeza sauti. Ndiyo maana ukumbi uliojaa husikika vizuri kuliko ulio mtupu. Kwa maneno mengine, watazamaji wenyewe ni sehemu ya ukarabati.

Shida ya pili ni macho. Kumbi nyingi za mitaa zina sakafu bapa, na mwigizaji akiketi chini, walio safu ya tano huona visogo vya wenzao tu. Lakini babu zetu walikwisha kulitatua jambo hilo. Katika ngoma, wachezaji huwa katikati na watu huwazunguka. Viti vikipangwa pande tatu au nne, mtazamaji wa mwisho hukaribia mchezo, na hakuna haja ya kuvunja ukuta hata mmoja.

Yanayohitaji fedha kweli ni mengine: paa lisilovuja, nyaya za umeme zinazoweza kubeba taa za jukwaani bila kuwaka moto, vyoo safi, vyumba vya waigizaji kubadilishia nguo, na milango ya dharura inayofunguka kuelekea nje. Hayo si ya kufanyiwa mzaha. Ukumbi ni mahali unapompeleka mtoto wako.

Nani atashika ufunguo?

Swali gumu kuliko hayo yote ni la mwenye ufunguo. Historia ya nchi yetu imetufunza hivyo kwa uchungu. Mwaka wa 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuigiza tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Baada ya majuma machache kibali kilifutwa, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alifariki mwaka wa 2025, akatiwa kizuizini. Mnamo Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Wanakijiji walikuwa na vipaji, walikuwa na watazamaji, lakini hawakuwa na ulinzi.

Hatari ya leo ina sura nyingine. Mitaa kadhaa ya zamani ya Nairobi imo katika mipango ya kujengwa upya. Tayari mnamo 2020 nyumba za zamani za Pangani zilibomolewa kupisha maghorofa. Hakuna anayekataa kwamba watu wanahitaji makao mazuri. Lakini tingatinga halijui kusoma historia. Ramani ya maghorofa ikichorwa bila kuweka alama palipo na ukumbi, siku moja tutaamka na kukuta maegesho ya magari mahali uhuru ulipodaiwa.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa rasmi na kulindwa. Mfano mwema nao upo papo hapo mtaani. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na Kaunti ya Nairobi kukarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya ile maktaba ya McMillan ya mwaka wa 1931. Wakazi walishirikishwa, na watoto wakarudi kusoma. Iwapo maktaba imewezekana, ukumbi utashindikanaje?

Lakini kuna hatari ya pili, ambayo huja ikiwa imevaa suti. Jengo kuukuu likishapakwa rangi na kuwekewa taa nzuri, bei ya mlangoni hupanda. Punde si punde huwa mahali pa wageni wanaokuja kwa magari makubwa, huku mtoto wa Kaloleni akichungulia dirishani. Ukumbi wa mtaa ni mahali pa mikutano ya kuchangia mazishi, ya akina mama wa vyama, ya mabondia wanaofanya mazoezi na kwaya zinazojiandaa kwa mashindano. Wote hao wasifukuzwe kwa jina la sanaa. Kinachotakikana ni kalenda, si makufuli. Jumatatu mabondia, Jumatano kwaya, Ijumaa na Jumapili maonyesho. Na siku mtu amefiwa, wasanii wampishe.

Tuanze na kidogo tulichonacho

Kwa hivyo tufanye nini, mimi na wewe, tusiokuwa na mamilioni?

Wewe mwalimu, tayari unajua kwamba wanafunzi wa kidato cha nne huhitaji kuona tamthilia wanazotahiniwa. *Kifo Kisimani* ya Kithaka wa Mberia, *Kigogo* ya Pauline Kea na *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege zote zimewahi kuwa vitabu teule, na makundi ya waigizaji huzunguka yakiziigiza. Badala ya kukodi basi kuwapeleka watoto mjini, mbona usiwaalike waigizaji waje mtaani? Ada ileile itawafikia wanafunzi wengi zaidi, na ukumbi utapata kodi.

Wewe kijana mwenye kipaji, acha kungoja jukwaa la marumaru. Andika kisa cha Jumapili ile ya 1950. Nenda kwa wazee wa mtaa ukawaulize walivyocheza dansi na walivyosikia siasa kabla hawajaondoka na hadithi zao. Hakuna atakayekuletea kisa hicho kutoka ng'ambo.

Nawe mzazi, kazi yako ni rahisi kuliko zote. Onyesho likitangazwa, nenda. Lipa kiingilio kidogo, keti na watoto wako, piga makofi. Diwani wako atajua kwamba ukumbi una wenyewe, na mtu hunyang'anywa kwa urahisi kile tu anachokiacha bila kukitumia.

Hapo ndipo utakapokuwa na jibu la swali lile la mwanzo. Mtakula nyama yenu Burma, mtanawa mikono, kisha mtatembea pole pole hadi Kaloleni, watoto wakitangulia mbele kuwahi viti. Taa zitazimwa. Mtu mmoja atasimama, na watu wote watanyamaza kumsikiliza. Ukumbi ule utakuwa umekumbuka kazi yake.